Gari halipimwi ajali, linagongeshwa

Nilikuwa stendi ya Nane Nane hapa Mbeya, natafuta usafiri wa Tukuyu. Mama mmoja mwenye furushi la vitenge alisita mlangoni mwa Noah, akauliza kama gari ni zima. Konda akamjibu huku anapokea nauli ya mwingine: "Ingia mama, hii ni Mjapani, imepimwa ajali, nyota tano." Mama akaingia. Maneno hayo nilishayasikia mara mbili ndani ya mwezi huo, kwenye yadi za magari, muuzaji akigonga boneti kwa ngumi ili mteja asikie chuma kilivyo. Naandika kwa sababu yule mama alipanda kwa kuamini.

Maana ya hiyo "kupimwa ajali" ni fupi. Huchukuliwa gari jipya, ndani yake wakaketishwa sanamu wenye vipimo mwilini, kisha likaendeshwa kwa mwendo uliopangwa hadi ligonge kizuizi. Baada ya hapo husomwa ni nguvu kiasi gani zilifika kwenye kichwa, shingo, kifua na miguu ya sanamu. Kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani iligongesha gari ukutani mwaka 1934, na sanamu aitwaye Hybrid III, mwanaume wa kilo 78 hivi, alitoka kwao mwaka 1976. Vifaa navyo hujaribiwa peke yake: kiti na mkanda hufungwa kwenye kigari cha reli, kigari kikasimamishwa ghafla.

Linalonisumbua ni neno ajali. Asili yake ni Kiarabu, ajal, yaani muda uliowekwa, na hasa ukomo wa uhai wa mtu. Wazee waliposema ajali haina kinga hawakuwa wakizungumzia breki, walizungumzia siku ya mja ikifika. Neno limeshuka barabarani, lakini harufu ya kudura halijaiacha. Lori likilala Kitonga au likishindwa kusimama mteremko wa Mbalizi, tunasema "ni ajali", na kwa neno hilo moja maswali yanafungwa: dereva alishuka na gia namba ngapi, upepo wa breki ulikuwa kiasi gani, nani alifunga mkanda na nani hakufunga.

Wahandisi hawaruhusu maswali hayo yafungwe. Kwao tukio moja lina migongano mitatu. Kwanza gari linagonga kitu. Kisha mtu, ambaye bado anakwenda kwa mwendo uleule wa gari, anagonga stelingi, dashibodi au kiti cha mbele yake. Halafu viungo vya ndani, ubongo na moyo na ini, vinagonga mifupa iliyovizunguka. Yote hayo hayafiki nusu sekunde. Wa kwanza unaweza kuja bila wewe kuwa na kosa lolote, lakini wa pili na wa tatu ina kinga, na kinga hiyo ndiyo inayopimwa. Kule maabara hakuna ajali hata moja: siku inajulikana, mwendo unajulikana, hata sehemu ya bampa itakayoguswa imepimwa kwa rula. Ndiyo maana nashikilia kitenzi kugongesha. Kugonga kunaweza kukutokea, lakini kugongesha ni kitendo cha mtu aliyekusudia.

Na yule anayegonga boneti kwa ngumi anapima kitu kinyume kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alishikilia wazo lililoonekana la ajabu: pua ya gari na mkia wake vikunjwe makusudi, sehemu wanayokaa watu ibaki imara. Chuma kinapojikunja kinameza nguvu ya mgongano na kuongeza muda wa kusimama. Kisipojikunja, nguvu hiyo inakwenda kutafuta mahali pengine, na mahali pengine ni kifua chako. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, upande mmoja wa mbele. Bel Air ni lile gari ambalo mtu angelitazama akasema hiki ndicho chuma. Sehemu ya dereva ilibomoka, stelingi ikamfuata sanamu alipokaa. Kwenye Malibu pua iliharibika vibaya, lakini chumba kilibaki na umbo lake.

Sasa rudi kwenye "hii imepimwa". Gari lililogongeshwa haliuzwi kwa mtu apande, limeshakuwa chuma chakavu. Kinachopata nyota ni aina ya gari, kwa toleo lile na vifaa vile. Jina peke yake halitoshi. Mwaka 2014 Global NCAP, taasisi inayogongesha magari na kuyapa nyota sifuri hadi tano, waligongesha magari madogo matano yaliyokuwa yakiuzwa India, yote yakapata sifuri kwa usalama wa watu wazima. Mojawapo ni Volkswagen Polo isiyo na mifuko ya hewa. Polo yenye mifuko miwili ilipata nyota nne.

Na hata kama aina hiyo iligongeshwa ikafaulu, hili lililosimama mbele yako limepitia nini? Gereji moja hapa mjini nilionyeshwa gari linalong'aa, rangi mpya, limeshapata mteja. Fundi bodi, kijana mwaminifu, alifungua boneti akanielekeza pembeni ya injini. Chuma kirefu cha upande wa kushoto, kile kilichoundwa kijikunje, kilishajikunja siku moja, kikavutwa kwa mnyororo, kikachomelewa bamba juu yake. Ukipitisha kidole unasikia mshono chini ya rangi. Chuma hicho hakitajikunja tena kama kilivyokusudiwa. Nyota za kiwandani ziliishia siku ile ya kwanza.

Jambo la mwendo nalipitia haraka. Jaribio la mbele walilotumia Euro NCAP, wapimaji wa namna hiyo wa Ulaya, kwa miaka mingi lilikuwa kilomita 64 kwa saa. Gari la abiria kwetu linaruhusiwa 80. Nishati ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka 64 hadi 80 ni zaidi ya mara moja na nusu. Tena mbele yako, kwenye barabara hii ya kwenda Tunduma, si kizuizi cha maabara bali ni semi ya tani nyingi.

Kitu ambacho konda angeweza kukisema kwa haki ni kwamba gari limekaguliwa. Kukagua ni kulitazama gari hili hili: matairi, breki, taa, mikanda. Kugongesha kunaeleza kilichochorwa kiwandani, kukagua kunaeleza hali ya leo, na stika ya usalama barabarani kwenye kioo inatokana na hili la pili. Abiria anahitaji kuyajua yote mawili, lakini moja lisivae jina la mwenzake.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea Kiwira ukungu ulikuwa umefunga, na konda alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, usimwambie mama gari limepimwa ajali. Mwambie limekaguliwa lini, halafu mwonyeshe mkanda." Akasema, "Mzee, siti hii haina mkanda." Nikamwomba tuangalie. Kava la kiti lilikuwa limeshonwa likapita juu ya kila kitu. Tuliingiza mkono chini yake, tukakuta kifungio kimelala na vumbi lake, kizima. Akauvuta mkanda taratibu, ukatoka wote, akampa mama ncha yake.