Je, wajua kwa nini bingwa wa sataranji wa Uganda anaweza kukosa cheo cha kimataifa?

Katika sataranji, ubingwa na cheo ni vitu viwili tofauti. Ubingwa wa Uganda hutolewa na shirikisho la nchi, na huhama mara tu mwingine anaposhinda. Cheo hutolewa na shirikisho la kimataifa, FIDE, na aliyekipata hubaki nacho maisha yake yote, hata akizeeka na kuanza kufungwa na watoto wa shule.

Kwa njia ya kawaida, anayetaka kuwa Masta wa Kimataifa hutakiwa kufikisha alama 2400, yaani kipimo cha FIDE cha nguvu ya mchezaji, na kung'ara zaidi ya mara moja katika mashindano ambamo angalau wapinzani wake watatu ni Masta wa Kimataifa au Grandimasta, cheo kilicho juu yake. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu Uganda ina watu wachache mno wa aina hiyo, na kuwafuata ng'ambo kunadai nauli, viza na likizo kazini.

Alama nazo zina hesabu isiyo na huruma. Mchezaji anayemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kuvuna takriban robo tatu ya pointi wanazogombania. Kwa hiyo mchezaji mzoefu ambaye bado hajafikisha 2400, akimshinda mwenzake huyo, huongezewa alama 5 tu hivi, akitoka sare hukatwa 5, na akifungwa hupoteza 15. Bingwa anayekutana na wale wale wa nyumbani mwaka baada ya mwaka hupanda kwa kijiko na kushuka kwa ndoo.

Hata hivyo, upo mlango wa pembeni, na kwa maoni yangu ni wa haki: baadhi ya vyeo hutolewa moja kwa moja kwa wanaofanya vizuri katika mashindano ya kanda au katika Olimpiadi ya sataranji. Phiona Mutesi, aliyejifunza mchezo huu kwa kocha Robert Katende katika mtaa wa Katwe jijini Kampala, ambako bakuli la uji lilikuwa sehemu ya kivutio, alipita hapo. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko walipata cheo cha WCM (Woman Candidate Master, yaani Mgombea Umasta wa Wanawake), wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kuwa na cheo chochote cha FIDE. Kwa njia ya alama, cheo hicho kingemdai Mutesi afikishe 2000, kiwango ambacho alikuwa bado yuko mbali nacho.