Bonde la Msimbazi na Kazi ya Kuhuisha Makazi Duni Jijini Dar es Salaam

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe mkoani Pwani, hukatiza katikati ya jiji la Dar es Salaam, hupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha humwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander. Katika safari hiyo hupita kwenye maeneo ya halmashauri zaidi ya moja, na hakuna hata moja inayoweza kuyadhibiti maji yake ikiwa peke yake. Mtaa wa chini ukijenga mtaro mzuri ilhali mtaa wa juu unatupa taka mtoni, mtaro huo utaziba masika ya kwanza.

Tunapozungumzia makazi duni, wengi hufikiria kipato pekee. Hata hivyo, familia yenye kipato cha kuridhisha bado ni fukara wa huduma ikiwa gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye kichochoro chao, na jirani husubiri mvua kubwa ndipo atapishe choo chake. Kipindupindu, watoto kukosa shule na biashara ndogo kusombwa na maji ni mambo yanayofuatana, na kwa sababu hiyo hayatibiki kwa mradi wa miaka miwili wenye ofisi, bango na gari.

Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, inatupa mfano wa kutafakari. Kuanzia miaka ya 1990 wakazi wake, wakishirikiana na jiji, wataalamu wa chuo cha ardhi ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, walijenga mitaro na barabara za ndani kwa nguvu kazi ya mtaa wenyewe. Kamati ya wakazi iliingia mikataba ya ujenzi, vijana na wanawake wakalipwa ujira, na ushuru wa magari yanayoingia mtaani ukatengwa kwa ajili ya matengenezo. Kwa maoni yangu, ushuru huo mdogo una funzo kubwa kuliko zege lote lililomwagwa, kwa kuwa ulijibu swali ambalo miradi mingi huliacha wazi: nani atazibua mtaro mfadhili akishaondoka? Lakini mtaa ukipendeza kodi nazo hupanda, na mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo ndiye wa kwanza kuhama. Uboreshaji usiomhesabu mpangaji humsogeza tu kwenye bonde jingine.

Yaliyofuata mafuriko ya Desemba 2011 yanathibitisha jambo hilo. Serikali iliwapatia waathirika wa mabondeni viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji, mahali palipo juu na salama. Hata hivyo baadhi yao walirudi bondeni, na si kwa ukaidi, kama inavyosemwa mara nyingi. Mama anayeuza samaki wa Feri au kijana anayebeba mizigo Kariakoo hawezi kumudu nauli na saa za safari ya kila siku kutoka Mabwepande. Kiwanja walikipata, ila riziki yao ilibaki mjini.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ikiwemo ujenzi wa daraja jipya la Jangwani. Fedha hizo ni nyingi, lakini sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Kwa hiyo ubia baina ya halmashauri, mkoa jirani wa Pwani, vyuo na serikali za mitaa unapaswa kuendelea hata mkopo ukishatumika. Chombo kimoja tayari kipo: tangu mwaka 2015, kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya jiji, wanafunzi wa vyuo vikuu wamepita vichochoroni pamoja na wakazi wakichora mitaro na mipaka ya maji ya mafuriko. Mwenyekiti wa mtaa mwenye ramani hiyo mkononi anaweza kuingia kikao cha bajeti cha halmashauri na kuonyesha ni mtaro upi umeziba, unapokea maji kutoka mtaa gani, na ni kaya zipi zitakazolala nje mvua za Machi zikianza kabla haujazibuliwa.