Baridi Haiwamalizi Mbu wa Ulaya

Msomaji mwingine ameniandikia kwamba Ulaya haina malaria kwa sababu baridi huua mbu wote. Dai hili limenichosha. Malaria ilikaa Uingereza karne nyingi, kwenye vinamasi vya pwani ya Kent na Essex, na mwaka 1922 na 1923 ililipuka hadi Arkhangelsk, kaskazini kabisa mwa Urusi. Baridi hupunguza kasi ya kimelea ndani ya mbu, hilo nakubali. Lakini mbu mwenyewe yupo.

Mchukueni Culex pipiens, mbu wa kawaida kule. Madume hufa vuli, majira yanayotangulia baridi kali. Majike, mbegu za kiume zikiwa tayari mwilini, hujificha mapangoni na kwenye vyumba vya chini ya nyumba hadi machipuko. Hawanyonyi damu, wanatumia mafuta waliyoyajaza kwa kunywa nekta.

Kinachoniudhi zaidi ni kudhani kwamba baridi humshtukiza mdudu, akazimia palepale. Hapana! Maandalizi huanza jua likiwa bado linawaka. Mbu huyu akiwa bado kiluwiluwi majini, mwili wake hupima urefu wa mchana. Joto ni shahidi mbaya, kwani wiki ya joto huweza kuja hata vuli. Mchana ukishaanza kufupika, haurudi nyuma. Jike aliyekua katika siku fupi hutoka majini akiwa tofauti: mayai yake hayakui na hamu ya damu imekatika. Hali hii ndiyo dayapozi, na si usingizi. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta, magharibi ikiingia saa ileile karibu mwaka mzima, ni rahisi kutoiona saa hiyo ya urefu wa mchana.

Kuganda nako kunaelezwa ovyo. Amerika Kaskazini, kwenye mashina ya mmea wa Solidago, huishi mabuu wa aina mbili, kila mmoja ndani ya uvimbe wake. Buu wa inzi Eurosta huruhusu barafu iingie mwilini, hasa nje ya seli. Kiwavi wa nondo Epiblema hukataa kuganda kabisa: hujaza gliseroli, kimiminika kinachozuia maji kuganda, hadi karibu moja ya tano ya uzito wake, na maji yake hubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Mmea mmoja, baridi ileile.

Vitabu huwapanga wadudu katika makundi haya mawili kana kwamba kuna ukuta kati yake. Mimi nina shaka na ukuta huo. Mbawakawa Dendroides canadensis wa Indiana waliwahi kuonekana wakivumilia kuganda, na miaka michache baadaye, mahali palepale, wakikwepa kuganda.

Na msiseme mambo haya ni ya Wazungu. Juu Mlima Kenya wapo fukusi ambao miili yao inaweza kuganda usiku na kuyeyuka asubuhi. Kule urefu wa mchana hauwaonyi chochote, kwa hiyo hawana msimu wa kujiandaa. Lazima wawe tayari kila jioni, mwaka mzima.