Mfadhili wa kesi: nani anachota kwanza?

Mwenye biashara ndogo Uingereza akiambiwa kuna kampuni itakayomlipia kesi, na akishindwa haidai kitu, huuliza haraka: itachukua asilimia ngapi? Mimi ningeuliza kwanza habari ya foleni. Fedha ikiingia, nani anachota kabla ya nani?

Chukua madai ya pauni milioni 3, bajeti ya mawakili 300,000. Kumi kwa moja, uwiano ambao wafadhili wengi huupenda. (Madai yasiyofika milioni moja hupata mfadhili kwa nadra, maana kuchunguza kesi ndogo hugharimu karibu sawa na kubwa.) Mkataba unasema mfadhili arudishiwe alichotoa, kisha apate mara mbili yake. Mdaiwa analeta suluhu ya 1,200,000, gharama zote humo humo. Toa 300,000 za mtaji na 600,000 za faida. Toa 120,000 za bima ya gharama za upande wa pili (hizo humwangukia mdai akishindwa), ambayo malipo yake yaliahirishwa hadi mwisho. Toa 100,000 za ada ambayo wakili alikubali kuingojea. Mdai anaondoka na 80,000.

Hayo yametokea. Mwaka 2019 wakuu wa posta ndogo 555, wengi wao wenye maduka, walisuluhishana na Posta ya Uingereza kwa pauni milioni 57.75. Baada ya gharama na mfadhili, walibakiwa na takriban milioni 12.

Julai 2023, katika shauri la PACCAR, kampuni ya malori, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mikataba inayompa mfadhili asilimia ya fidia iko chini ya kanuni za ada zinazotegemea fidia, zile zinazobana wakili anayelipwa sehemu ya fidia. Mingi haikuzitimiza, kwa hiyo haikutekelezeka. Wafadhili wakahamia kwenye "mara ngapi ya mtaji". Kwa mdai tofauti ni kubwa: asilimia hupungua fidia ikipungua, lakini mara tatu (mtaji pamoja na faida) hubaki mara tatu hata suluhu ikiwa ndogo. Tena mara hizo mara nyingi hupanda kadiri miezi inavyokwenda, na mdaiwa mjanja anajua kuburuza kesi.

Kwa hiyo bishania haya kabla ya kusaini: faida ihesabiwe kwa fedha iliyotolewa, si iliyoahidiwa; mdai abaki na sehemu ya chini iliyotajwa, suluhu iwe kubwa au ndogo; mkibishana kuhusu suluhu, aamue wakili mwandamizi asiye wa upande wowote; na sababu za mfadhili kujitoa ziandikwe moja moja. "Akiona inafaa" isikubaliwe kabisa.

Usitume faili kabla ya mkataba wa usiri, la sivyo unahatarisha kinga ya ushauri wa wakili wako, yaani haki ya kutouonyesha upande wa pili. Ambatanisha maoni ya wakili kuhusu uwezekano wa kushinda (chini ya asilimia 60 wengi hawasomi zaidi) pamoja na hesabu za mdaiwa kutoka kwa msajili wa makampuni. Maombi mengi hufia hapo: kesi ni nzuri, mdaiwa hana kitu.