"Seva imekata tena": yanayosemwa ofisini na ukweli wake

Mtu mmoja akisema seva, ile kompyuta inayotunza faili za pamoja za ofisi, imekata, mwingine huwa ameshainuka kwenda kuchomoa ruta. Kabla ya kugusa chochote, muulize jirani yako kama yeye bado anafungua faili za pamoja. Akiwa anazifungua, iache seva na ruta. Ugonjwa uko kwenye mashine yako au kwenye njia yake.

"WhatsApp inafunguka, kwa hiyo mtandao wangu ni mzima." Hii ndiyo inayopoteza siku za watu. Kwenda intaneti ni safari moja, kwenda kwenye seva ya ofisi ni nyingine. Seva iliyomo jengoni hufikiwa kwa kebo na swichi (visanduku vinavyounganisha kebo za mtandao) za humo humo, na hata bando likiisha faili zinatakiwa zifunguke. Kuna pia wanaoingiza 8.8.8.8, DNS ya Google, ili intaneti iende kasi. DNS ndiyo inayogeuza jina kuwa anwani, na ile ya Google haijui jina la seva iliyoko chumba cha pili. Ukiiweka ya akiba nyuma ya DNS ya ofisi, ndipo utaona seva inapotea leo na kesho inarudi, kutegemea Windows imeuliza wapi. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika ping (amri ya kuuliza kama mashine nyingine inajibu) na jina la seva, kisha ping na anwani yake, tuseme 192.168.1.10. Anwani ikijibu na jina likakwama, usihangaike na kebo. Nenda kwenye DNS.

"Draivu ina X nyekundu, seva imekufa." Draivu hapa ni folda ya seva inayoonekana kwenye kompyuta yako kama diski. Kwa mpangilio wa kawaida, seva ya Windows hufunga muunganisho uliokaa dakika 15 bila kazi, na X inaweza kuwa inaonyesha hilo tu. Bofya draivu mara mbili. Ikifunguka, huna tatizo.

"Taa ya kebo inawaka, kebo ni nzima." Katika ofisi moja, dada mhasibu alikuwa akipoteza seva mara kadhaa kwa siku, na ankara aliyokuwa akiiandika inapotea nayo. Tulimwekea Windows upya mara mbili. Siku ya tatu nikapiga magoti chini ya meza. Taa ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini kile kiulimi cha plastiki kinacholia "tik" ukichomeka kebo kilikuwa kimevunjika. Nikaigusa kebo kwa kidole: taa ikazima, ikawaka. Kila alipovuta kiti, goti lilikuwa linaisukuma. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa ameshalaumiwa kwamba hajui kutumia kompyuta. Tangu hapo nabadilisha kebo kwanza, mengine baadaye.

"Zima uwashe, itapona." Kwenye Windows 10 na 11, Fast Startup ikiwa imewashwa, Shut down haifuti kila kitu, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyokuwa. Chagua Restart. Na kama mashine hupoteza seva kila ukitoka kula, fungua Device Manager, tafuta kadi ya mtandao, na kwenye Power Management ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

"Saa ya kompyuta haihusiani na seva." Inahusiana sana. Kwenye ofisi zenye domeni, yaani kompyuta zote zinaingia kwa akaunti zinazosimamiwa na seva, Kerberos, mfumo unaothibitisha wewe ni nani, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Betri ya ubao mama, ile ya mviringo iitwayo CR2032, ikichoka, na umeme ukazimwa ukutani Ijumaa jioni, Jumatatu kompyuta huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Nenosiri ni sahihi, kebo ni nzima, seva inakataa. Angalia kona ya chini kulia ya skrini kabla ya kumpigia fundi. Ukikuta tarehe si ya leo, mwambie aje na betri.