Kabla hajapiga, kulikuwa na nini?

Mama mmoja alinipokea amejitanda kanga mpaka viganjani, na jua la Igombe, kando ya Ziwa Victoria, siku ile lilikuwa kali kweli, dagaa wameanikwa nje wanakauka huku unawaona. Tulipozoeana ndipo akaipandisha. Mkononi palikuwa na alama mbili za meno, moja bado mbichi. "Dada, usimwandike vibaya," akaniambia. "Mwanangu hana roho mbaya."

Mwanawe ana miaka 22, ana usonji na ulemavu wa akili, na maneno anayotamka hayafiki kumi. Alipokuwa mdogo, akichachamaa mama alimbeba mgongoni akatulia. Sasa kijana amempita mama kimo.

Mimi ni mwanasaikolojia, na familia nyingi ninazozitembelea hapa Mwanza huanza na swali hilohilo: tumzuieje? Nawaelewa, maana anayepigwa kila siku hapati nafasi ya kufikiri. Lakini mimi huanzia nyuma ya hapo: kabla hajapiga, kulikuwa na nini?

Tulichukua daftari la shule, na mdogo wake wa kidato cha pili akawa mwandishi. Kila tukio aliandika kilichotangulia, alichofanya kaka yake, na kilichofuata. Nyumbani waliamini analipuka tu bila sababu, na majirani walishataja mganga. Baada ya wiki mbili tukalisoma daftari pamoja. Mengi yalitokea wakati wa kula au muda mfupi baadaye. Na yule binti alikuwa ameandika jambo ambalo mimi ningelipita: "Kasukuma sahani, kajipiga shavu la kushoto." Ukurasa wa pili, shavu la kushoto tena. Daktari wa meno alikuta gego limeoza mpaka kwenye mzizi. Kijana alikuwa akiumwa jino, na neno la kusema "naumwa" hana.

Tangu zamani maumivu ndiyo ninayoyatafuta kwanza: jino, sikio, choo kigumu, kwa wasichana hedhi. Kisha naomba kuona dawa. Si wachache kati ya vijana hawa wana kifafa pia, na fenobabitoni, dawa ya kifafa, huwafanya baadhi yao wawe wepesi wa hasira. Ukihisi hivyo rudi kwa daktari, lakini usiikatishe mwenyewe. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, na hilo linaua.

Jino lilipong'olewa, vipigo vilipungua ila havikuisha. Daftari lilionyesha kwamba kila alipopiga, alipewa simu ili atulie. Alikuwa amejifunza njia pekee tuliyomfundisha. Tukabandika ukutani picha ya simu. Akiigusa, anapewa papo hapo, hata kama ni mara ishirini kwa siku. Akipiga, hapewi. Nilimwambia mama mapema kwamba kipigo kitapanda kwanza ndipo kishuke. Kikapanda. Usiku mmoja alinipigia analia, nami nikabaki naye kwenye simu mpaka nyumba ilipotulia.

Siku hizo ngumu zinataka mpango uliokwisha kukubaliwa na wote nyumbani. Visu na jiko la mkaa viwe mbali na anapopita. Aongee mtu mmoja, maneno machache, wengine watoke. Usisimame mlangoni, kwa kuwa ukimzibia njia atapita juu yako. Akikung'ata, usivute mkono, kuvuta ndiko kunakochana nyama. Usukume taratibu kuelekea kinywani mwake mpaka taya zilegee. Na tafadhali sana, msimlaze kifudifudi mkamkalia mgongoni. Watu wamekufa wakizuiwa hivyo. Kamba nazo nimeona makovu yake kwenye vifundo vya vijana ambao wazazi wao wanawapenda mno. Walichoka tu, na hakuna aliyewasaidia.

Ndiyo maana kabla ya kuondoka nilimuuliza mama nani anampokea zamu ya kumwangalia kijana. Hakuwa na jibu. Tukakaa na ndugu, na sasa Jumamosi mbili kwa mwezi shangazi wa kijana anatoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hangoji tena pantoni, saa tatu asubuhi ameshafika. Jumamosi ya kwanza mama hakwenda popote, alikaa nyuma ya nyumba akisikiliza. Ya pili alifika mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, akarudi mbio. Ya tatu alirudi jioni, amesukwa mistari, kanga ameifunga kiunoni.