Je, Wajua? Kwa Nini Mgonjwa wa Freud Alilala Kochini, na wa Leo Huketi Kitini?

Katika nyumba namba 20 ya mtaa wa Maresfield Gardens, kaskazini mwa jiji la London, lipo kochi refu lililofunikwa zulia la Kiajemi, na upande wa kichwani limerundikiwa mito mingi kiasi kwamba aliyelala hapo alikuwa kama mtu aliyeegemea. Nyuma ya mito hiyo, mahali ambapo mgonjwa hawezi kupaona bila kugeuza shingo, kipo kiti cha kijani cha Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya nafsi kwa njia ya mazungumzo. Kochi hilo alizawadiwa na mgonjwa mmoja karibu mwaka 1890, akalitumia Vienna, katika nyumba ya Berggasse 19, hadi mwaka 1938 alipowakimbia Wanazi akiwa na umri wa miaka 82. Lakini anayekwenda leo kwa tabibu wa saikodainamiki, tiba iliyozaliwa moja kwa moja na ile ya Freud, kwa kawaida hukuta viti viwili tu. Nini kilimwinua mgonjwa kutoka kochini?

Ili kujibu, ni lazima kwanza tujue kilichomlaza. Freud alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mwaka 1885 alikwenda Paris kujifunza kwa Jean-Martin Charcot, aliyekuwa akiwachunguza wagonjwa wa histeria, maradhi ambayo mwili hushindwa kazi bila kasoro inayoonekana, kwa njia ya hipnosia, yaani ule usingizi unaoletwa na maneno ya daktari. Kabla ya hapo, rafiki yake Josef Breuer alikuwa amemtibu Vienna, kati ya mwaka 1880 na 1882, msichana ambaye vitabu humwita Anna O. Katika siku za joto kali msichana huyo alishindwa kunywa maji: kiu ilimkaba, lakini bilauri ikigusa midomo yake aliisukuma, akaishi kwa matunda kwa muda wa wiki sita hivi. Siku moja, akiwa katika hipnosia, alisimulia kwa karaha jinsi alivyomkuta mbwa wa mwanamke Mwingereza aliyekuwa akiishi naye akinywa maji kwenye bilauri, naye kwa adabu akanyamaza. Alipokwisha kuimwaga hasira hiyo aliomba maji, akanywa, na akazinduka bilauri ikiwa bado mdomoni. Msichana mwenyewe ndiye aliyeuita utaratibu huo tiba ya kuzungumza. Haki inadai tuseme pia kwamba hakupona kabisa kama Breuer alivyoandika, kwani mwaka huohuo wa 1882 alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Uswisi. Hata hivyo wazo lilikuwa limepatikana: jambo lililozuiwa kutoka kwa mlango wa maneno linaweza kutokea kwa mlango wa mwili.

Freud aliiacha hipnosia baadaye, kwa sababu si kila mtu aliyeweza kutiwa usingizi huo, na nafuu yake mara nyingi haikudumu. Mahali pake aliweka kanuni moja ambayo kuieleza ni rahisi na kuitimiza ni kazi ngumu mno, nayo ni kusema kila linalopita akilini bila kuchagua, hata likiwa la aibu, la kipuuzi au la kumuudhi daktari. Alimwambia mgonjwa ajione kama abiria aliyekaa dirishani mwa treni, akimsimulia mwenzake aliye ndani mandhari yanavyobadilika. Kochi basi lilibaki kama masalio ya hipnosia. Mwaka 1913 Freud alikiri hivyo mwenyewe, na akaongeza sababu yake binafsi: hakuweza kuvumilia kukodolewa macho na watu kwa saa nane au zaidi kila siku. Sababu ya kitaalamu ilikuwepo pia, kwamba mgonjwa asisome uso wa daktari na kupima maneno yake kwa kuufuata. Wagonjwa walikuja siku sita kwa wiki, na walio wepesi siku tatu.

Nionavyo mimi, mabadiliko yote yaliyofuata yana mzizi katika kisa kimoja ambacho Freud alishindwa. Mwaka 1900 aliletewa msichana wa miaka 18, aliyempa jina la Dora. Baada ya wiki kumi na moja tu, siku ya mwisho ya Desemba, Dora aliaga na tiba ikakatika. Freud alipochapisha kisa hicho mwaka 1905 alikubali kwamba hakutambua mapema uhamisho wa hisia, yaani namna mgonjwa anavyomtwika daktari hasira, hofu na mapenzi yaliyokuwa ya watu wengine maishani mwake, akatenda kwake yale ambayo angependa kuwatendea wao. Uhamisho huo si wa kliniki peke yake. Mtu aliyelelewa na baba asiyeridhika na lolote huenda akamwona kila msimamizi wa kazi kuwa ni yule baba, akajitetea kabla hajashutumiwa. Freud alianza kwa kuuona uhamisho kama kikwazo, kisha akautambua kuwa ndiyo njia yenyewe, kwa sababu yaliyopita hayasimuliwi tu chumbani humo bali hutendeka tena, sasa mbele ya mtu anayeweza kuyaona na kuyajibu kwa namna tofauti.

Ukilikubali hilo, huna budi kuuliza kama tabibu anapaswa kubaki mgongoni. Franz Alexander, aliyeanzisha Taasisi ya Uchambuzi Nafsi (ndilo jina la tiba ya Freud) ya Chicago mwaka 1932, alidai pamoja na Thomas French katika kitabu chao cha 1946 kwamba kinachoponya si kukumbuka tu, bali ni kuonja upya hali ileile ya zamani na kupata mwisho mwingine. Akapunguza siku za kuonana, akafupisha tiba, akawaketisha wagonjwa kitini ilipofaa. Wenzake wengi walimpinga vikali, wakisema ameighushi kazi ya mwalimu.

Hoja nyingine ilitoka karibu na kwetu. John Bowlby, mchambuzi nafsi wa London, alishikilia kwamba mtoto anamhitaji mlezi si kwa ajili ya maziwa tu, bali kama mahali pa usalama, na wachambuzi wenzake hawakumpokea vizuri. Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye, alifika Kampala mwaka 1954, akawa akizitembelea kila baada ya wiki mbili hivi familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani. Aliketi nao sebuleni kwa saa mbili, akitazama mtoto anavyotambaa kwenda kuchungulia kitu kipya, anavyogeuka kumwangalia mama, anavyorudi mbio akiona mgeni. Aligundua kwamba watoto waliotulia zaidi walikuwa wa akina mama walioweza kumsimulia kwa kina tabia ya mtoto wao: anapenda nini, analilia nini. Matokeo yalitoka katika kitabu mwaka 1967. Inanigusa sana kwamba nguzo mojawapo ya tiba ya kisasa, yaani tabibu naye kuwa mahali pa usalama, ilichimbiwa msingi mikekani mwa akina mama wa Buganda.

Tiba ya saikodainamiki ya leo kwa kawaida huchukua kikao kimoja au viwili kwa wiki, kwa miezi kadhaa, wakati mwingine kwa miaka. Tuchukue mfano wa mteja anayefika amechelewa dakika kumi na tano na kuanza kuomba radhi bila kukoma. Tabibu hatamwambia ‘si neno’, wala hatamkaripia; atamuuliza alipokuwa njiani alidhani atapokewa vipi. Mteja akisema alijua atafukuzwa, basi wamekwisha kuingia katika kiini cha kazi, na yule aliyekuwa akimfukuza zamani ataanza kutajwa.

Je, inafaa? Mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck alidai kwamba hapakuwa na ushahidi, na tangu hapo wanasaikodainamiki wamelazimika kupimwa kama wengine. Katika utafiti wa kliniki ya Tavistock ya London uliochapishwa mwaka 2015, watu 129 wenye sonona sugu, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaongezewa tiba hii mara moja kwa wiki kwa miezi 18. Tiba ilipomalizika tofauti ilikuwa ndogo. Miaka miwili baadaye, asilimia 44 ya waliotibiwa hivyo hawakutimiza tena vigezo vya sonona kubwa, dhidi ya asilimia 10 ya wenzao. Waliopona kabisa walikuwa wachache, na hilo halifai kufichwa.

Wapo wachambuzi wanaotumia kochi hadi leo. Wengine wengi wana viti viwili, ila mara nyingi huviweka kwa pembe kidogo, ili mteja akitaka kumtazama tabibu amtazame, na likija neno zito apate kuligeuzia dirisha uso wake.